Chungu Wanaouma: Jinsi ya Kumlinda Mtoto Nyumbani

 

Leo tutazungumza juu ya mdudu mdogo ambaye kila nyumba inamjua. Mdudu huyo ni chungu. Labda utasema, "Sista, chungu naye ni ugonjwa wa kuzungumziwa kwenye redio?" Ni kweli, chungu si ugonjwa. Mtu mzima akiumwa, anajikung'uta, anasogea na kuendelea na kazi. Lakini mtoto wa miezi mitatu aliyelazwa mkekani hawezi kusogea. Hawezi kujikung'uta, wala kukuambia ni wapi panapouma. Anaweza kulia tu, na wewe unaweza kudhani ana njaa au tumbo linamsokota.

Kuna jambo la pili. Mara nyingi chungu mwenyewe hana madhara makubwa kama dawa tunayotumia kumwua. Mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda, au dawa ya kupe iliyobaki baada ya kuogesha mbuzi, inaweza kumdhuru mtoto kuliko chungu mia moja.

Kwa hiyo leo tutajifunza mambo manne: kuwatambua chungu wanaouma, kumhudumia mtoto aliyeumwa, kujua dalili za hatari, na kuwaondoa chungu nyumbani bila kumhatarisha mtoto.

KUWATAMBUA CHUNGU

Chungu ni wa aina nyingi sana, na hatuna haja ya kuwajua wote. Wagawanye kwa vile wanavyokuumiza.

Kwanza kuna sisimizi, wale wadogo wanaofuata sukari na maziwa. Wengi wao hawana madhara zaidi ya kuchafua chakula. Hata hivyo, wakiwa wengi juu ya mtoto mchanga wanaweza kumsumbua machoni, puani na masikioni.

Pili kuna wale wanaouma kwa meno. Siafu wa msafara ndio mfano mzuri. Taya zake ni kama koleo, na akishika ngozi haachii hata ukimvuta. Siafu hawa huonekana zaidi sehemu zenye mvua nyingi, kama milima ya Nyambene upande wa Meru, kuliko huku kwetu kwenye ukame.

Tatu kuna wale wanaodunga kwa mwiba ulio mwisho wa tumbo, kama nyuki. Hawa ndio wa kuangalia zaidi, kwa sababu mwiba unaingiza sumu. Nyuki akidunga huacha mwiba wake kwenye ngozi, lakini chungu hubaki na mwiba wake na anaweza kudunga tena na tena. Palipodungwa huwaka kama moto, kisha hufura na kuwasha.

Wengine wameona kwenye simu picha za wale wanaoitwa chungu moto, na wameingiwa na hofu. Chungu moto mwekundu anayezungumzwa sana asili yake ni Amerika ya Kusini. Aliingia Marekani katika miaka ya 1930 kupitia bandari ya Mobile huko Alabama. Mwaka 2001 alipatikana Brisbane, Australia, na mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba ameshajenga viota katika kisiwa cha Sicily, Italia. Huyu hushika ngozi kwa meno, kisha hudunga mara kadhaa kwa kuzunguka. Siku inayofuata pale alipodunga hutokea kipele chenye maji meupe. Kwako wewe mama, jina la chungu halibadilishi sana huduma. Chungu yeyote anayedunga anahudumiwa kwa njia moja, ambayo tutaieleza hivi punde.

MDUDU ANAYEFANANA NA CHUNGU

Kabla hatujaendelea, kuna mdudu mmoja ambaye wengi humdhania chungu. Ni mwembamba, ana mikanda myeusi na ya rangi ya chungwa, na hapa Kenya anajulikana kama Nairobi fly. Huongezeka sana wakati wa mvua nyingi, kama ilivyokuwa wakati wa mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Usiku hufuata mwanga wa taa.

Mdudu huyu haumi wala hadungi. Ubaya wake uko ndani ya mwili wake. Ukimponda juu ya ngozi, maji yake huunguza, na baada ya siku moja au mbili unaona wekundu na malengelenge. Kwa hiyo akitua juu ya mtoto usimpige kofi. Mpulize, au mwondoe kwa kipande cha karatasi, kisha osha mahali hapo kwa sabuni na maji. Usimwache mtoto ajisugue macho kabla hujamwosha mikono.

KWA NINI CHUNGU HUINGIA NYUMBANI?

Chungu hutafuta vitu vitatu: maji, chakula na mahali pakavu pa kukaa.

Wakati wa kiangazi, huku kwetu hata chungu wana kiu. Watafuata mtungi unaovuja, mfereji unaodondoka, na mahali unapomwogeshea mtoto. Wakati wa mvua, mambo hugeuka. Mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei, na zile za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, hujaza maji kwenye viota vyao. Chungu hubeba mayai na watoto wao na kutafuta mahali palipoinuka. Sakafu ya nyumba yako, mkeka wako na godoro lako huwa ni mahali pazuri.

Chakula nacho kinawaita. Tone la chai ya maziwa, punje za sukari, kokwa za tende, mfupa uliotupwa mlangoni, au maziwa yaliyoganda kwenye shavu la mtoto. Chungu mmoja akipata chakula, anaporudi kwenye kiota huacha harufu njiani. Wenzake huifuata harufu hiyo, nao huacha yao juu yake. Ndiyo sababu asubuhi uliona chungu watano, na adhuhuri unakuta mstari mzima ukutani. Shika jambo hili la harufu, kwa sababu litatusaidia baadaye.

MTOTO AKIUMWA, FANYA HIVI

Mama, ukisikia mtoto analia ghafla kilio cha maumivu na hujui sababu, mvue nguo zote umwangalie. Angalia kwenye mikunjo ya shingo, makwapani, kwenye mapaja, ndani ya nepi na katikati ya vidole. Ukikuta chungu, fuata hatua hizi.

Hatua ya kwanza, mwondoe mtoto pale alipo. Usianze kuua chungu huku mtoto bado amelala juu yao.

Hatua ya pili, ondoa chungu kwa kuwapangusa haraka kwa mkono au kitambaa kikavu. Wale walioshika kwa meno wachomoe mmoja mmoja kwa vidole. Kung'uta pia leso, shuka na nguo yako mwenyewe, maana chungu hujificha kwenye mikunjo, na dakika chache baadaye huanza tena kuuma.

Hatua ya tatu, osha mahali palipoumwa kwa sabuni na maji safi.

Hatua ya nne, chovya kitambaa safi kwenye maji baridi, kamua, na ukiweke palipofura kwa dakika 10 hadi 15. Maji ya mtungini yanatosha, huhitaji barafu. Ikiwa ni mkono au mguu, uinue kidogo.

Hatua ya tano, mkate mtoto kucha na uziweke safi. Kipele cha chungu hupona chenyewe baada ya siku kadhaa. Kinachokiharibu ni kucha chafu, kwa sababu mtoto akijikuna ngozi hupasuka na vijidudu huingia. Ukiona kipele chenye maji meupe, usikitumbue.

Kama kuwasha kunamnyima mtoto usingizi, losheni ya kalamini inaweza kusaidia, lakini usiipake karibu na macho, mdomo, wala kwenye kidonda kilicho wazi. Dawa za kunywa za kupunguza mwasho zipo, lakini kipimo chake hutegemea umri na uzito. Usimpe mtoto mchanga kabla ya kumwuliza mhudumu wa afya, na usimpe kidonge cha mtu mzima kilichokatwa vipande. Kwa maumivu, parasetamoli ya watoto inatosha, kwa kipimo ulichoelekezwa. Usimpe mtoto aspirini.

Chungu akimwuma mtoto jichoni au maji yake yakiingia jichoni, osha jicho kwa maji mengi safi kwa dakika 15, ukimwaga polepole kutoka upande wa pua kwenda nje. Kisha nenda kituo cha afya.

Chungu akiingia sikioni, usichokore kwa kijiti cha kiberiti wala kwa pini. Mlaze mtoto kwa ubavu, sikio lenye chungu likiwa juu, na utie matone machache ya mafuta safi ya kupikia yaliyo vuguvugu, yasiwe moto. Chungu atakufa na sikio litatulia. Lakini kama sikio hilo limekuwa likitoa usaha, au uliwahi kuambiwa kwamba ngoma ya sikio imetoboka, usitie kitu chochote. Mpeke kituo cha afya. Hata chungu akifa, mpeleke mtoto atolewe mdudu huyo vizuri.

DALILI ZA HATARI

Sasa tafadhali nisikilize kwa makini. Watu wengi wakidungwa na chungu hupata uvimbe mdogo tu. Lakini kuna wachache ambao miili yao huikataa ile sumu kwa nguvu. Hali hiyo tunaiita mzio mkali. Inaweza kuanza dakika chache tu baada ya kudungwa, na inaweza kuua.

Mkimbize mtoto, au mtu mzima, kwenye kituo cha afya mara moja ukiona mojawapo ya haya:

- Midomo, ulimi, uso au koo linafura.
- Anapumua kwa shida, kifua kinatoa sauti kama filimbi, au sauti yake imekauka ghafla.
- Vipele vya kuwasha vimetokea mwili mzima, hata mahali ambapo hakuumwa.
- Anatapika au tumbo linamuuma sana baada ya kudungwa.
- Anasikia kizunguzungu, amelegea, ngozi imekuwa baridi na yenye jasho, au amezimia.

Dawa ya hali hii ni sindano ya adrenalini, ambayo hudungwa kwenye paja. Haina mbadala nyumbani. Maziwa, asali, mitishamba na vidonge vya mwasho haviwezi kufungua koo lililofura. Kwa hiyo nenda kwenye kituo kilicho karibu zaidi nawe. Kama uko karibu na Garbatulla, njoo hospitali ya hapa. Kama uko Kinna au Sericho, anzia kituo cha huko huko. Usipoteze muda kungojea gari la Isiolo. Mpigie simu mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako akusaidie kutafuta usafiri huku wewe ukimwangalia mgonjwa.

Mkiwa njiani, mlaze mgonjwa chali na uinue miguu yake. Kama anapumua kwa shida, mwache akae namna anayopumua vizuri. Kama amezimia lakini anapumua, mlaze kwa ubavu. Usimsimamishe ghafla na usimpe chochote cha kula wala kunywa. Na hata akipata nafuu baada ya sindano, kubali abaki kituoni saa kadhaa, kwa sababu hali hii inaweza kurudi.

Labda unajiuliza kama kweli chungu anaweza kuua mtu. Yupo chungu mmoja mweusi ambaye asili yake ni savana za Afrika, na jina lake la kitaalamu linatokana na mji wa Sennar nchini Sudan. Amesambaa hadi Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na Oman, na huko madaktari wameandika habari za watu waliopata mzio mkali baada ya kudungwa naye, na wengine wakafariki. Hupenda udongo wenye unyevu, karibu na mifereji na bustani zinazomwagiliwa. Wengi wetu tuna mabinti na dada wanaofanya kazi za nyumbani katika nchi hizo. Ukizungumza naye kwa simu, mweleze dalili hizi. Mwambie kwamba akidungwa na chungu kisha akafura uso au akakosa pumzi, asione haya kumwamsha mwajiri wake, hata kama ni usiku wa manane.

Kuna dalili nyingine zinazokuja polepole. Baada ya siku mbili au tatu, kama wekundu unazidi kuenea, pana joto, panatoa usaha, au mtoto ana homa, vijidudu vimeingia kwenye kidonda. Mpeleke kliniki. Na mtoto mchanga aliyeumwa mahali pengi mwilini aonwe na mhudumu wa afya, hata kama ameacha kulia.

MAMBO YA KUACHA

Kliniki tunapomwuliza mama alipaka nini kabla ya kuja, majibu ni mengi: mafuta ya taa, dawa ya meno, majivu, samadi ya ng'ombe, tumbaku, asidi ya betri. Wapo pia wanaochanja kwa wembe ili sumu itoke.

Mama, sumu ya chungu haitoki kwa wembe. Wembe huongeza kidonda tu. Samadi na udongo vinaweza kuleta pepopunda, hasa kwa mtoto ambaye hajamaliza chanjo zake. Asidi ya betri na mafuta ya taa huunguza ngozi laini ya mtoto.

Ninataka tukae kidogo kwenye mafuta ya taa, kwa sababu nyumba nyingi huyatumia kumwagia chungu kwenye pembe za nyumba na kwenye miguu ya kitanda. Mafuta hayo huwekwa kwenye chupa ya soda au ya maji, chini ya meza. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anajua chupa hiyo ni ya kunywa. Akinywa, mafuta hayaishii tumboni. Akikohoa au kutapika huteleza na kuingia kwenye mapafu, na humletea nimonia mbaya.

Ikitokea hivyo, usimtapishe. Usimpe maziwa ukidhani yatazimua sumu. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji, na umlete hospitali mara moja hata kama anacheza, maana kikohozi na shida ya kupumua vinaweza kuanza baadaye.

Jambo la pili ni dawa ya kupe. Sisi ni wafugaji, na dawa hii haikosekani nyumbani. Imetengenezwa kwa ajili ya ngozi ya mifugo, tena baada ya kuchanganywa na maji kwa kipimo. Ukiinyunyiza sakafuni wanapotambaa watoto, mtoto ataishika kwa mikono kisha atalamba vidole. Baadhi ya sumu za wadudu humfanya mtu atokwe na mate na machozi mengi, atoe jasho, atapike, misuli imtetemeke na apumue kwa shida. Ukiona hivyo, mvue mtoto nguo, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, na uje naye hospitali. Vaa mifuko ya plastiki mikononi unapomwosha, ili sumu isikuingie wewe. Chukua na chupa ya dawa hiyo pia, ili daktari aone jina lake. Huko nyumbani, dawa zote za mifugo zikae kwenye chombo chake cha asili, juu, na ikiwezekana kwenye sanduku lenye kufuli.

KUWAZUIA BILA SUMU

Habari njema ni kwamba kazi kubwa ya kuwazuia chungu hufanywa kwa ufagio, sabuni na mfuniko.

Mtoto akimaliza kunyonya, kunywa maziwa au uji, mfute uso, shingo na mikono kwa kitambaa chenye maji kabla hajalala. Badilisha nguo iliyomwagikiwa maziwa. Usimlaze na chupa ya maziwa mdomoni.

Usimlaze mtoto moja kwa moja chini ya mti. Kivuli cha mgunga ni kizuri wakati wa joto, lakini kwanza kagua chini na juu. Kung'uta mkeka, uutandike, na usubiri dakika chache uone kama kuna chungu wanaopanda. Baada ya hapo ndipo umlaze mtoto, na umkague mara kwa mara. Ukiwa na kazi, mwachie mtu mkubwa amwangalie, si mtoto wa miaka minne.

Usiku, mlaze ndani ya chandarua kilichotiwa dawa, na uchomeke pindo lake lote chini ya mkeka au godoro. Chandarua kinamkinga na mbu, na kinawapunguza pia wadudu wanaotambaa. Kabla ya kulala, kung'uta shuka na mablanketi. Kabla ya kumvika mtoto viatu asubuhi, vigonge chini. Tabia hii itamwokoa pia na nge.

Kama una kitanda, kisogeze mbali kidogo na ukuta na uweke kila mguu ndani ya mkebe wenye maji na sabuni kidogo. Chungu hawataweza kuvuka. Lakini badilisha maji hayo kila baada ya siku mbili, yasije yakawa mahali pa mbu kuzaana.

Sukari, unga, tende na maziwa viwe na mifuniko inayobana. Sufuria ya chakula unaweza kuiweka ndani ya beseni lenye maji kidogo. Osha vyombo kabla ya kulala. Tupa mifupa na mabaki mbali na mlango. Ziba mtungi unaovuja, na usimwogeshee mtoto mlangoni.

Sasa ile habari ya harufu. Ukiona mstari wa chungu, usiwapige kwa kandambili tu. Ufuate kwanza hadi uone ufa wanaotokea. Futa njia yao yote kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, ili harufu iishe na wenzao wapotee njia. Kisha ziba ufa kwa udongo au saruji. Maji uliyofulia nguo yanafaa kabisa kwa kazi hii, kwa hiyo huhitaji kutumia maji ya kunywa uliyoyanunua.

KUHARIBU KIOTA

Kama kiota kiko uani, karibu na watoto wanapochezea, kuna haja ya kukiharibu. Elewa kwanza kwamba chungu unaowaona nje ni wafanyakazi tu. Malkia yuko ndani chini, na kazi yake ni kutaga mayai. Ukinyunyiza dawa juu, unaua wafanyakazi wa leo, na malkia anazaa wengine.

Njia isiyo na sumu ni maji yanayochemka. Nenda asubuhi na mapema, wakati chungu wengi wako karibu na juu. Mwagia polepole sufuria kubwa ya maji ya moto katikati ya kiota, na urudie baada ya siku chache, maana mara moja mara nyingi haitoshi. Lakini watoto wote wawe ndani, na mtu mzima peke yake ndiye abebe sufuria. Tusimwokoe mtoto na chungu halafu tumpeleke hospitali kwa kuungua. Usimwage petroli wala mafuta ya taa na kuwasha moto. Moto karibu na boma la miiba na nyumba ya mikeka hauna breki.

Kama ni lazima kununua dawa dukani, uliza chambo. Hiki ni chakula chenye sumu kidogo, ambacho wafanyakazi hubeba wenyewe hadi kwa malkia. Kinafanya kazi polepole lakini kinafika kwenye mzizi. Nunua chenye lebo, soma maelezo, na ukiweke mahali ambapo mtoto, kuku na mbuzi hawafiki. Usinunue unga wa sumu uliofungwa kwenye karatasi isiyo na jina.

Viota vilivyo mbali na nyumba viache. Chungu hula mchwa na wadudu wengine, na hulegeza udongo ili maji ya mvua yaingie. Tena wenzetu wa Laikipia wana somo. Huko ameingia chungu mgeni mwenye kichwa kikubwa. Huua chungu wa kienyeji wanaolinda miti ya miiba dhidi ya ndovu, na miti hiyo ikavunjwa kwa wingi. Utafiti uliotangazwa Januari 2024 ulionyesha kwamba, kwa sababu ya kupungua kwa miti ya kujificha, hata simba wa huko wamebadilisha mawindo yao. Chungu wageni wa namna hii husafiri ndani ya udongo na mizigo. Ukiletewa mche au kuni kutoka mbali, kagua kabla ya kuingiza nyumbani.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA NYINGI

Je, mama anayenyonyesha akiumwa na chungu, maziwa yake yanaharibika? Hapana. Endelea kunyonyesha. Kama ameumwa kwenye titi, aoshe kwa sabuni na maji, kisha asuuze vizuri kabla ya kumpa mtoto.

Je, mtoto aliyewahi kufura uso baada ya kudungwa, atafura tena? Inawezekana, na mara ya pili inaweza kuwa kali zaidi. Mweleze daktari, iandikwe kwenye kijitabu chake cha kliniki, na waambie mwalimu na kila mtu anayebaki na mtoto huyo.

Je, kichuguu kilicho karibu na nyumba ni cha chungu? Vichuguu vile virefu ni vya mchwa. Mchwa hawatamdhuru mtoto, lakini kwenye nyufa za vichuguu hukaa usubi wanaoeneza kala-azar, ugonjwa ambao umewahi kuzuka hapa Isiolo na Wajir mwaka 2008. Watoto wasicheze hapo jioni, na walale ndani ya chandarua.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Mama, kabla hatujaagana, haya ndiyo ya kushika. Mtoto akilia ghafla, mvue nguo umkague. Ukikuta ameumwa, mwondoe pale, pangusa chungu, osha kwa sabuni, weka kitambaa cha maji baridi. Akifura uso, akikosa pumzi au akilegea, kimbia kituo kilicho karibu. Usipake wala usimpe chochote ambacho hujaelekezwa.

Na leo jioni, kabla ya kulala, fanya jambo moja. Angalia chini ya meza na nyuma ya mlango. Kama kuna mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, au dawa ya kupe ambayo mtoto anaweza kuifikia, iondoe sasa hivi uiweke juu, mahali pa kufungwa. Mwambie na jirani yako, hasa yule asiye na redio.